Kayaki na Maji ya Lamu: Kufika Shela, Takwa na Manda kwa Kafi

Kabla hujauliza bei ya kukodi kayaki, uliza maji yanajaa saa ngapi. Miji ya kale ya visiwa vya Lamu imekaa mwisho wa hori (mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu) au nyuma ya mikoko, mahali ambapo chombo hufika maji yakijaa tu. Takwa iko hivyo, Siyu iko hivyo, na mji wa Pate vilevile. Adui aliyekuja na merikebu kubwa alipata taabu kupafika, na wewe utaipata taabu hiyohiyo ukifika saa mbaya. Kayaki huelea kwenye maji ya sentimita 15 hivi, basi inapita pengi ambapo boti ya injini hukwama. Lakini tope la mikokoni halina hata hizo 15 maji yakishatoka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuogelea, aliyewahi kukaa ndani ya kayaki walau mara chache, na anayetaka kuona mahame kutoka upande ambao wenyewe waliyaona: baharini.

Kuchagua siku

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana na mkondo huwa mpole.

Kila mvuvi wa huku anajua jambo hili, na mgeni ndiye hulikosa: bamvua la pwani yetu lina saa zake. Hujaa mnamo saa 10 hadi 11, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa 4 hadi 5, asubuhi na usiku. Kwa hiyo siku ya bamvua, japo ndiyo yenye maji mengi, haifai kwa Takwa. Maji ya mchana yatajaa saa 10 na nusu, utakaa gofuni kidogo tu, na jua litakuchwea horini. Maji mafu nayo hujaa mnamo saa 4 asubuhi, saa nzuri kabisa, ila hayapandi vya kutosha na utakwaruza chini sehemu ya mwisho.

Zinazofaa ni siku za katikati. Ukihesabu kwa mwezi wa Kiislamu, tarehe 5 na 6, kisha 19 na 20, maji hujaa kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Tarehe 11 hadi 13, kisha 25 hadi 27, hujaa kati ya saa 7 na saa 9 alasiri. Hesabu hii inaweza kupotoka kwa siku moja kufuatana na mwandamo, basi ihakikishe kwenye jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, au muulize nahodha yeyote pale gatini. Atakujibu bila kutazama simu.

Kati ya makundi hayo mawili, chukua la asubuhi. Sababu ni upepo, tutauona hapo chini.

Jambo la pili la kujua ni kwamba maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ya kujaa na kupwa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya maji kusimama huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3, hiyo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50 na 25. Saa ya kwanza ina udanganyifu: unatazama mizizi ya mikoko, unaona maji karibu hayajasogea, unaendelea kupiga picha. Saa ya tatu hori linamwagika kama ndoo iliyotoboka.

Upepo

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kusi tangu Aprili hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndipo kusi linapokuwa kali. Oktoba na Novemba, upepo unapogeuka na ule uitwao matlai ukapiga asubuhi, pamoja na Machi kaskazi linapokwisha, ndiyo miezi mizuri zaidi ya kayaki. Aprili na Mei ni mvua ya masika, na kuona mbali huwa tabu.

Hata katika msimu mzuri, asubuhi hutulia na mchana huamka. Panga kuwa umemaliza sehemu zote za maji mapana kabla ya saa 6 mchana. Kiashirio rahisi: ukianza kuona povu jeupe juu ya mawimbi mlangoni Shela, maji mapana si pako tena siku hiyo, kaa upande wa ndani.

Mahali pabaya kuliko pote kwa safari fupi ni hapohapo mlangoni, kati ya Shela na Ras Kitau. Maji yakipwa, mkondo wote wa mlango wa Lamu hutokea hapo kwenda bahari kuu. Kusi likivuma, upepo unakuja upande wa pili kukutana nao, na mawimbi husimama: mafupi, yenye kuta, yanayofuatana karibu karibu. Kayaki haina nafasi ya kupanda moja na kushuka kabla lingine halijafika. Na ukipinduka, mkondo unakupeleka nje, si ufukweni. Maji yakipwa na kusi likivuma, usipite hapo hata kama umbali wa kuvuka unaonekana mfupi. Subiri maji yageuke. Mkondo na upepo vikielekea upande mmoja, maji yaleyale hulala.

Chombo na mizigo

Hoteli kadhaa za Shela na za upande wa Manda zina kayaki, nyingi zikiwa za kukalia juu. Kwa safari za humu zinatosha, na ukipinduka ni rahisi kupanda tena kuliko zile za kuingia ndani. Kagua kabla hujalipa. Fungua vizibo vya matundu, tazama kama mpira wake haujapasuka. Tikisa chombo usikie kama kuna maji tumboni. Vuta kamba za omo (mbele) na tezi (nyuma) kwa nguvu zako zote. Chombo chenye maji tumboni huonekana kizima ufukweni na hulewalewa ukishakaa.

Kafi la vibao viwili lipime ukiwa umesimama: liweke wima, nyoosha mkono, vidole vikunje juu ya ncha. Likiwa refu zaidi litakuchosha mabega. Likiwa fupi utakuwa unainama kila upande. Kama mko wawili au zaidi, bebeni kafi moja la akiba, limefungwa.

Jaketi la kuokolea maisha livae, usilikalie. Kisha beba kwa kila mtu maji ya kunywa lita 4, maana Takwa hakuna duka na maji ya visima vya kale si ya kunywa. Beba kamba ya mita 15 ya kuvutana, filimbi iliyofungwa kwenye jaketi, upo wa kufulia maji (dumu lililokatwa linatosha), simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na taa ya kichwani hata kama unapanga kurudi saa 4 asubuhi. Viatu vya kufungwa ni lazima. Chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata mguu vibaya, na samaki aitwaye taa hujilaza mchangani kwenye maji mafupi; ukitembea, buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ataondoka mwenyewe. Ndala hubaki topeni kwenye hatua ya pili.

Mizigo ipangwe sawa, na ikizidi izidi kidogo upande wa tezi. Omo ukiwa mzito, kayaki hugeukia upepo kila mara na utapiga kafi upande mmoja hadi bega liume.

Kikoi au leso kavu iwe juu ya mizigo, si chini. Utaihitaji ukishuka Shela au Lamu, ambako hakuna anayepita mitaani mapaja wazi, na utaihitaji zaidi ukiwa na haja ya kuingia eneo la msikiti wa kale.

Ruhusa

Mwachie mtu nchi kavu njia yako na saa ya kurudi, kwa maandishi. Kwa safari ya Shela na Takwa inatosha kumweleza mwenye kayaki na kundi la usimamizi wa ufuo la wavuvi. Kwa kwenda mbali zaidi, na hasa kaskazini ya Pate kuelekea Ndau na Kiwayu, pita kwanza kituo cha polisi au kwa Walinzi wa Pwani uulize hali ya usalama. Upande ule unapakana na bara karibu na msitu wa Boni, na masharti hubadilika. Kwa vyovyote usipige kafi usiku. Boti za injini huenda kasi kati ya Mokowe, Lamu, Shela na gati la uwanja wa ndege wa Manda, na kayaki isiyo na taa haionekani.

Ukikutana na wavuvi, salimia kwanza, ndipo uulize. Nyavu zimetegwa na wewe huzioni. Mzee mwenye mtumbwi atakuonyesha kwa kidole upite wapi. Mwite nahodha, hata kama mtumbwi wake ni mdogo kuliko kayaki yako.

Kupinduka: fanya mazoezi kabla

Fanya haya Shela, upande wa ndani, maji yakijaa, kwenye kina cha kifua.

1. Ukipinduka, shika kayaki kwanza, kafi pili. Kayaki tupu ikishikwa na upepo huenda kasi kuliko muogeleaji.
2. Nenda katikati, upande ambao upepo unatoka. Ukikaa upande wa pili, wimbi litakupiga na chombo.
3. Pitisha mikono chini hadi ukingo wa mbali, vuta huku ukisukuma wa karibu kwa magoti. Itageuka.
4. Lala kifudifudi juu ya maji, piga miguu kama unaogelea, jivute hadi tumbo likae juu ya kiti. Usijaribu kupanda kwa goti, utaipindua tena.
5. Geuka ukalie makalio, miguu ikining'inia pande zote mbili, ndipo uingize miguu ndani.

Asiyeweza hatua ya 4 mara tatu mfululizo bila kusaidiwa asivuke mlango siku hiyo. Hilo si suala la ushujaa. Mtu akishapanda mara mbili na kuanguka, nguvu za mikono zinakuwa zimekwisha, na ya tatu haiji.

Safari ya kwanza: mbele ya mji wa Lamu hadi Shela

Ondoka Lamu maji yakianza kupwa, mkondo utakusukuma kuelekea Shela. Kaa umbali wa kutosha na ukuta wa gati, nje ya njia ya boti, na urudi na maji ya kujaa. Mwendo wa kayaki wa kawaida ni kilomita 5 kwa saa. Mkondo wa kilomita 3 dhidi yako hukuachia 2, na safari ya nusu saa inakuwa ya zaidi ya saa moja.

Ukiwa mbele ya gati kuu, tazama ngome. Leo imekaa ndani, mbele yake kuna uwanja na nyumba. Ilipojengwa, kazi ikimalizika mnamo 1821, ilikuwa karibu kabisa na maji. Ufuo umesogea kwa kujazwa, na majengo yote unayoyaona mstari wa mbele yamesimama mahali palipokuwa bahari. Kutoka mtaani jambo hili ni gumu kulishika. Kutoka kwenye kayaki linaonekana mara moja, kwa sababu macho yako yako usawa wa maji na ngome inachomoza nyuma ya mapaa. Mji huu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mawe yake mengi ni ya matumbawe, na Maweni, kisiwani Manda, ndiko mawe ya ujenzi yanakochongwa hadi leo.

Ngome ina uhusiano na ufuo unaoelekea. Mwanzoni mwa miaka ya 1810, majeshi ya Pate na ya Mazrui, watawala wa Mombasa, yaliteremka Shela kuipiga Lamu. Watu wa Lamu waliwashinda, na masimulizi ya Lamu yanasema waliokimbia walikuta maji yamepwa na vyombo vyao vimekaa mchangani, hawakuweza kuvisukuma. Waliuawa hapo ufuoni. Lamu, ikihofia kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ngome ikamalizwa chini ya ulinzi huo. Ukiwa Shela siku ya bamvua saa 4 asubuhi, tazama maji yalivyokimbia kutoka mchangani: utaelewa vita ile kuliko maelezo yoyote ya ukutani.

Vuta kayaki juu ya mstari wa mwani mkavu, ambao ndio alama ya maji ya mwisho kufika, kisha uifunge. Nenda ukaone msikiti wa Ijumaa wa Shela wenye mnara wa duara unaochongoka juu, uliojengwa 1829. Mnara huo utautumia baadaye: unaonekana mbali baharini na ni alama nzuri ya kurudia. Machuguu ya mchanga nyuma ya mji yaache yalivyo. Ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya kisiwa, na ndani yake imelala mifupa ya vita ile.

Takwa

Hii ndiyo safari yenyewe. Tuseme ni tarehe 20 ya mwezi wa Kiislamu na jedwali linasema maji yatajaa saa 2 asubuhi.

Saa 12 alfajiri uwe Shela, umekula, vyombo vimefungwa. Ondoka kunapopambazuka, vuka mlango kwenda upande wa Manda ukielekeza omo upande wa bahari kuu kidogo kuliko unapotaka kufika, kwa sababu maji yanayojaa yatakusogeza ndani. Ukishafika ng'ambo, fuata ukingo wa mikoko hadi mdomo wa hori. Kama hujawahi kuingia, mara ya kwanza enda na mtu wa Shela au wa Lamu anayelijua. Mikoko hufanana, na kuna vijito vya uongo vinavyoingia mita mia kadhaa kisha vikafa. Namna ya kuvijua: hori la kweli maji yake yanasogea ndani kwa nguvu wakati wa kujaa, majani na povu vinapita mbele yako, kijito cha uongo maji yake yamelala.

Ndani, punguza mwendo. Kafi likiingia wima hupiga tope na kunasa. Lishike chini, karibu na maji, na vuta kwa mapigo mafupi. Kaa upande wa nje wa kila kona, ndiko kwenye kina. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na hapa unapita katikati ya mfano wake: mchu wenye vidole vinavyochomoza topeni kupumua, na mkoko wenyewe wenye mizizi ya upinde. Boriti za nyumba za Lamu na za Arabuni zilitoka kwenye misitu ya aina hii kwa karne nyingi, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba: upana wake unafuata urefu wa boriti.

Ukifika saa 1 na nusu, una hadi saa 3 kamili. Saa moja baada ya maji kusimama ndiyo mwisho wa kuondoka, hata kama hujamaliza kuona. Funga kayaki kwenye mti kwa kamba iliyolegea. Ikikazwa, maji yakishuka chombo kitaning'inia na kupinduka na vitu vyako.

Takwa ni gofu la taifa chini ya Makavazi ya Kitaifa. Lipa kiingilio kwa mlinzi, na usitegemee noti pekee. Uwe na M-Pesa. Mji ulikaliwa takriban tangu 1500 hadi mwishoni mwa karne ya 17, umezungushiwa ukuta, na mibuyu imeota kati ya nyumba. Kwa saa moja na nusu, fuata mpango huu.

Anza na msikiti wa Ijumaa. Tazama kibla: juu ya ukuta wake imesimama nguzo, jambo ambalo si la kawaida kwa misikiti ya pwani hii. Kisha zunguka nyumba. Milango mingi inatazama kaskazini, na kutoka hapa Makka iko kaskazini. Halafu toka nje ya ukuta uone kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwanzoni mwa miaka ya 1680. Hili si gofu lililosahauliwa. Watu wa Shela wanahesabu asili yao Takwa, na huja kwenye kaburi hili kuomba dua ya mvua. Ukiwakuta, kaa mbali, funika kichwa, weka simu mfukoni.

Mwisho, panda mchangani upande wa mashariki. Baada ya mita mia kadhaa uko bahari kuu. Hapa ndipo mpango wa mji unapoeleweka: mbele kuna mwamba na mawimbi, nyuma kuna hori lenye maji mara mbili kwa siku, na mji umekaa katikati kwenye shingo nyembamba ya nchi kavu. Usivutwe kuteremsha kayaki upande huu ili ufupishe njia. Mawimbi yanavunjika juu ya miamba, na kayaki ikilala ubavu huko haisimami tena.

*Ukichelewa.* Chelewa chelewa, utakuta maji si yako. Ukikwama, usishuke kuburuta: tope la hori humeza mguu hadi pajani na ukitoa mguu mmoja unazamisha mwingine. Kama ulikwama saa 3 baada ya maji kujaa, utaelea tena saa 3 kabla ya kujaa kwa pili, yaani baada ya saa 6 na ushei. Piga simu ueleze, kaa kivulini mwa mikoko, kunywa maji kwa mafungu, subiri. Jambo la hatari si kukaa, ni kuanza kutembea. Kama umekwama karibu na gofu na mahali pa kukanyaga ni pagumu, rudi kwa mlinzi na ungojee huko.

Manda ya kaskazini na Mkanda

Mkanda ni mfereji kati ya Manda na bara. Kwa miaka mingi vyombo vilikuwa vikingoja maji ili vipite hapo. Maji ya kujaa huingia kutoka pande zote mbili na kukutana ndani, kwa hiyo ukitoka Lamu na maji ya kujaa, ukafika katikati yakisimama, utatoka upande wa pili na maji ya kupwa yakikusukuma. Safari yote unabebwa. Ukikosea kwa saa mbili, unapigana na mkondo mara mbili. Kaa pembeni kabisa. Boti za abiria za Pate na Faza hupita humu, na mawimbi yao hurudi kutoka kwenye mikoko na kukupiga mara ya pili.

Magofu ya mji wa Manda yako kaskazini-magharibi ya kisiwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alianza kuyachimba katika miaka ya 1960 na kukuta mji wa karne ya 9, wenye vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi na kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mapande makubwa ya matumbawe. Kuta hizo ndizo za kutafuta. Fika maji yakiwa nusu, si yakijaa kabisa, ili uzione zilipokutana na maji. Utaona vigae vingi vimesambaa mchangani. Tazama, piga picha, acha hapohapo. Kuviokota ni kosa kisheria, na kigae kilichohamishwa hakimwambii tena mchimbaji kitu chochote.

Usiendelee kuzunguka kisiwa kizima. Upande wa mashariki ni bahari ya wazi, na kaskazini ni njia ya meli za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Meli ya mizigo haiwezi kukukwepa, na nahodha wake aliye juu hakuoni. Rudi ulikotoka na maji yanayofuata, au panga mapema mashua ikuchukue.

Pate

Kuvuka kutoka Manda hadi Pate kwa kayaki peke yako haifai. Maji ni mapana, yamekabili bahari kuu, na hakuna mahali pa kupumzikia. Kodi mashua au boti, fungeni kayaki juu yake, shukeni Mtangawanda ambako boti hufika hata maji yakipwa, kisha mtumie kayaki kwa mahori ya ndani tu.

Ukipata siku mbili, chagua Siyu na Shanga. Siyu mlango wake ni hori la mikoko, na mahesabu ni yaleyale ya Takwa: ingia saa moja kabla ya kujaa, toka kabla ya saa moja kupita. Ngome yake imekaa mbele ya hori, unaifikia kutoka majini. Shanga iko pwani ya kusini ya kisiwa. Mark Horton aliyeichimba kuanzia miaka ya 1980 alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti ya miti iliyotangulia, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Mji uliachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kutoka Siyu watu huenda huko kwa miguu, na ni heri uende hivyo: mbele ya Shanga maji yakipwa ufuo hujianika mbali sana, na utabeba kayaki badala ya kayaki kukubeba. Chukua kijana wa Siyu akuongoze kichakani, mkubaliane malipo kabla ya kuondoka, na umbebee yeye pia maji yake.